Niliwaacha marafiki tamashani Kisumu, sasa wananidai simu

Kwa Mshauri,

Nakusalimu kutoka Nakuru. Mimi ni mwanamume wa miaka 38, nina mke na watoto wawili, na jambo linalonifanya nikuandikie si la ndoa wala la kazi, bali linahusu marafiki watatu ambao tumefahamiana tangu tulipokuwa chuoni. Sote tunaishi Nakuru, na tuna chama kidogo ambamo kila mmoja wetu huweka shilingi 2,000 kila mwezi, kisha fedha zikitosha tunatoka pamoja wikendi moja. Mwaka jana tulikwenda Kakamega kwenye sherehe ya jamaa wa mmoja wetu, tukacheza isukuti, ngoma ya Waluhya, mchana kutwa, tukarudi tukiwa na furaha. Safari hii tulichagua Kisumu, kwa kuwa palikuwa na tamasha la benga na ohangla, muziki wa Waluo, na mwanamuziki ambaye sote tunampenda alikuwa apige jukwaani na bendi yake nzima.

Yafaa ujue kwanza kwamba mimi sinywi pombe. Niliacha mwaka 2021 baada ya daktari kunionya, na tangu wakati huo wenzangu wamenipa kazi ambayo hakuna aliyewahi kuitamka waziwazi: mimi ndiye dereva. Wao huchangia mafuta, nami natoa gari na mikono. Sikuwahi kulalamika, kwa maana gari ni langu na sipendi kumwona mtu aliyelewa akishika usukani.

Jumamosi hiyo niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikaosha gari, nikawapitia mmoja mmoja, tukapita Salgaa, Mau Summit na Kericho, tukafika Kisumu adhuhuri. Tulikwenda Dunga tukala ngege wa kukaanga kwa ugali, tukakaa kando ya ziwa tukizungumza mpaka jua likapungua makali. Nakueleza haya ili usidhani kwamba tulikwenda tukiwa na vinyongo. Ni muda mrefu sijacheka kama nilivyocheka alasiri ile.

Tiketi zilisema kwamba muziki ungeanza saa kumi na mbili jioni. Kabla ya kushuka garini tulikubaliana, na kila mmoja akaitikia, kwamba tungeondoka saa saba usiku, kwa sababu Jumapili saa nne asubuhi nilipaswa kushika njia ya kurudi Nakuru. Basi wakapanda wanamuziki chipukizi, mmoja baada ya mwingine, na yule tuliyemfuata hakuonekana jukwaani hadi saa sita na nusu. Saa saba ilipofika niliwakumbusha, wakaniambia ningoje kidogo. Saa nane nikawakumbusha tena. Mwenzetu mmoja, mfanyabiashara wa nafaka, alikuwa amelipa ili asifiwe na wanamuziki na alikuwa akingojea zamu yake. Mwingine, ambaye ni karani, alinijibu kwa kicheko: "Unakimbilia wapi na wewe hata hunywi?" Kisha akauchukua ufunguo wa gari uliokuwa mezani, akautia katika mfuko wa koti lake, na wote wakaangua kicheko. Nami nilicheka, ila si kwa kupenda.

Ufunguo niliupata alipoinuka kwenda kucheza akaliacha koti kitini. Saa tisa kasorobo niliingia garini peke yangu, nikaenda kwenye nyumba tuliyokuwa tumekodi mtaa wa Milimani, nikazima simu, nikalala. Sikumwambia mtu. Niliona kwamba nilikuwa nimekwisha kusema ya kutosha.

Wao walitoka saa kumi na moja alfajiri. Walizunguka katika maegesho wakilitafuta gari na kunipigia simu bila kunipata, na katika kuzunguka huko mtu asiyejulikana akampokonya karani simu yake. Walifika nyumbani kwa boda boda kukiwa kumepambazuka. Asubuhi hakuna aliyenisemesha. Wawili walipanda matatu kurudi Nakuru. Wa tatu, ambaye ni mwalimu, alipanda gari langu lakini akakaa kiti cha nyuma, na njia nzima hakusema ila "asante" alipokuwa akishuka.

Sasa wananidai shilingi 12,000, nusu ya bei ya simu iliyoibwa, wakisema kwamba mimi ndimi chanzo. Karani ametangaza kwamba nisipolipa, hatatoa tena mchango wa chama maadamu mimi nimo. Mke wangu anashikilia kwamba niwaache, kwa kuwa ni marafiki wa gari na si marafiki zangu. Lakini hawa ndio waliokesha nyumbani kwetu siku zote za matanga ya baba yangu, na siwezi kuwatupa hivi hivi. Je, nilipaswa kuwangojea hadi lini? Je, nilipe fedha hizo? Na mwezi unakwisha: nitume mchango wangu wa chama kama kawaida, au nisubiri?

Dereva wa Bure, Nakuru

JIBU

Ndugu Dereva,

Nitaanza na swali lako la kwanza, kwa kuwa mengine yote yanalitegemea. Mlikuwa mmekubaliana kuondoka saa saba, na baada ya saa hiyo hakuna aliyekuwa na haki ya kukuzuia hata dakika moja. Hilo ni wazi kwangu, na ningewaambia hata wao. Ila ningependa utazame jambo ambalo umelieleza katika barua yako bila kulipa uzito, nalo ni hili: uliamka saa kumi na moja alfajiri, ukaendesha takriban kilomita 180 za milima, kona na malori, ukakaa juani kando ya ziwa, kisha ukakaa mbele ya vipaza sauti usiku kucha. Ulipoketi nyuma ya usukani saa tisa kasorobo ulikuwa macho kwa karibu saa 22.

Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya majaribio ya kuwalinganisha watu waliokosa usingizi na watu waliokunywa pombe. Waliona kwamba mtu akikaa macho saa 17, utendaji wake hushuka hadi kufanana na wa mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi zimekiweka kuwa mpaka wa dereva, na kwamba akifikisha saa 24 hufanana na mwenye asilimia 0.10. Sasa piga hesabu ya siku yako. Saa zako 17 zilitimia saa nne usiku, wakati wanamuziki chipukizi wangali jukwaani na wenzako pengine wako kwenye chupa ya pili. Wenzako walidhani kwamba mtu asiyekunywa hachoki, na ndiyo maana yule karani aliona ni kichekesho wewe kutaka kwenda kulala. Lakini nawe ulidhani vivyo hivyo, kwa sababu uliliendesha gari hilo kutoka uwanjani hadi Milimani ukijiona mzima kwa vile tu hukuwa umegusa bia. Heri ungaliliacha pale kwenye maegesho ukapanda teksi, na kama mambo yangalikwenda hivyo, wenzako wasingalilitafuta gari hata kidogo.

Nasema haya kwa sababu ya Jumapili yenu kuliko ya usiku ule. Wewe unaijua njia ya kurudi: kutoka Kericho mnakuja Londiani, mahali ambapo tarehe 30 Juni 2023 lori lililopoteza mwelekeo liliua zaidi ya watu 50 waliokuwa kando ya barabara na ndani ya magari, kisha Mau Summit, kisha ule mteremko mrefu wa Sachangwan na Salgaa ambao wakazi wa Nakuru hawahitaji kuelezwa hatari yake. Dereva wa kuwapitisha watu watatu mahali hapo ni lazima awe amelala. Kwa hiyo usiku ule hukuwa unakimbia starehe ya wenzako. Ulikuwa ukitafuta usingizi ambao wao ndio wangeuhitaji asubuhi kuliko wewe. Sidhani kama kuna yeyote kati yao aliyeliona hivyo, na kwa mujibu wa barua yako, sidhani kama uliwaeleza hivyo. Kuwaambia watu "saa zimefika" katikati ya muziki si sawa na kuwaambia "nimechoka, nisipolala sasa sitaweza kuwafikisha nyumbani kesho." La kwanza ni la saa, na mbele ya jukwaa saa hushindwa kirahisi.

Hapo nataka niwatetee marafiki zako kidogo, na usikasirike. Huo mwafaka wa kuondoka saa saba uliwekwa na watu waliotazama tiketi badala ya kutazama desturi. Ni nani kati yenu aliyewahi kuhudhuria tamasha la aina hiyo katika ukanda wa ziwa akamkuta mwanamuziki mkuu jukwaani saa moja jioni? Waandaaji humweka mwishoni kwa sababu watu wakishamsikia wataanza kuondoka, na watu wakiondoka vinywaji havinunuliwi. Alipopanda saa sita na nusu, wenzako walikuwa wamebakiwa na nusu saa tu ya kile walichokisafiria mchana kutwa. Na benga, kama unavyojua, haifurahishwi na nusu saa. Maneno ya wimbo huja mwanzo kwa utulivu, mwimbaji akasimulia kisa chake cha mapenzi au cha marehemu fulani, na maneno yanapokwisha ndipo gitaa la solo linaposhika njia, besi ikalisukuma kwa nyuma, mwendo ukapanda, na wale waliokuwa wameketi wakainuka bila kuambiwa. Kwenye kanda au redio sehemu hiyo hukatwa mapema. Jukwaani bendi nzuri huweza kuirefusha kadiri inavyoona watu wangali wana nguvu miguuni, na huo ndio utamu ambao mtu hulipia kiingilio ili aupate.

Kuhusu yule mfanyabiashara wa nafaka, nakuomba umsamehe kabla ya wengine. Pakruok ni desturi ya zamani katika muziki wa Waluo, tangu enzi za nyatiti, kile kinanda chao cha nyuzi, na ohangla na benga zimeirithi: msikilizaji hutoa fedha, muziki hutulizwa, naye hupewa nafasi ya kujisifu au kusifiwa mbele ya hadhira kwa majina ya majigambo, akataja kwao, mashemeji zake, na aghalabu marafiki aliofuatana nao. Mtu aliyekwisha kulipa na kungojea zamu yake kwa saa mbili hawezi kuondoka kwa hiari, kama vile wewe usivyoweza kuondoka kinyozi akiwa amekunyoa upande mmoja. Sitashangaa kama jina lako lilikuwamo miongoni mwa yale ambayo alitaka yatajwe. Muulize siku mkikaa vizuri. Mimi ningependa kujua.

Karani simtetei. Kuuchukua ufunguo wa gari la mtu aliyechoka na kuuficha, hata kwa utani, ni kumfanya mwenye gari kuwa mfungwa wa starehe ya wengine, na kicheko chao kilikuonyesha kwamba hawakuiona haki yako hata kidogo. Hilo lina uzito kuliko kule kukungojesha, na utakapozungumza nao ulitaje kwa jina lake, kwa sauti ya kawaida, bila kulichanganya na mambo mengine.

Sasa nije kwa lile ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lililokuharibia. Ulizima simu. Umeliandika kwa maneno mawili tu kati ya kufika Milimani na kulala, kana kwamba ni kama kuvua viatu, lakini ndilo lililobadilisha mambo yote. Laiti ungaliondoka na kuacha simu ikiita, au ungaliandika ujumbe wa mstari mmoja kabla ya kuwasha gari, usiku ule ungalibaki kuwa kisa cha dereva aliyechoka kungoja akaenda kulala, na wenzako wangalikutukana kidogo, wakaita teksi, na asubuhi mngekunywa chai pamoja. Badala yake watu watatu waliolewa walizunguka gizani wakitafuta gari ambalo halikuwapo, wakimpigia mtu asiyepatikana. Umewahi kujiuliza walikuwa wakiwaza nini? Ulikuwa umeketi nao, kisha hukuwapo, ufunguo haukuwapo, gari halikuwapo, simu imezimwa. Mtu wa kwanza huwaza kwamba umewatoroka. Wa pili huwaza kwamba umeibiwa gari. Wa tatu huwaza ajali. Huyo mwalimu aliyekaa kiti cha nyuma njia nzima, mimi nashuku kwamba ndiye aliyewaza ajali, na kwamba ukimya wake ulikuwa wa mtu aliyeogopa sana na kisha akakukuta umelala fofofo.

Sikulaumu kwa kutaka kulala bila kusumbuliwa. Ila kuna kulala, na kuna kumwadhibu mtu kwa kulala, na mstari wako wa mwisho katika aya hiyo, kwamba ulikuwa umekwisha kusema ya kutosha, unanifanya niamini kwamba ulipobonyeza kitufe kile ulitaka wahangaike kidogo. Walihangaika kuliko ulivyotaka.

Hata hivyo, simu ya karani haikuibwa na wewe. Aliyeiiba ni mwizi, katika umati, saa ya alfajiri ambayo wao wenyewe walichagua kutoka, na inawezekana kabisa kwamba ingeibwa hata kama gari lingekuwa limeegeshwa mahali pake. Kwa hiyo usilipe hizo shilingi 12,000 kama fidia, kwa sababu ukizilipa kwa jina hilo utakuwa umekubali kwamba mtu anayewaendesha wenzake ni mlinzi wa mifuko yao pia, na safari ijayo deni hilo litakufuata. Sheria ya mwaka 2016 ilianzisha Mahakama ya Madai Madogo, ambayo baada ya marekebisho ya mwaka 2020 husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na mtu anaweza kujisimamia mwenyewe pasipo wakili, lakini siamini kwamba karani anataka kwenda mbele ya hakimu kueleza kwamba alimficha dereva ufunguo kisha akamshtaki kwa kuondoka. Nalitaja ili uone kwamba hilo deni halina miguu, wala si ili umtishe nalo. Tafadhali usilitaje kamwe mbele yake.

Lililo tofauti ni kumchangia. Mwenzenu amepoteza simu katika safari ya chama, na chama chenu kipo. Pendekeza kwamba kila mmoja, na wewe ukiwamo, atoe kiasi kile kile kumsaidia kununua nyingine, kama vile mngefanya angaliugua au kufiwa. Ukitoa shilingi 3,000 kama rafiki sawa na wengine utakuwa umetoa zaidi ya yule anayetoa 12,000 kwa hasira. Ikiwa hajafanya hivyo, mhimize aripoti wizi huo polisi apate nambari ya tukio, na amwombe mtoa huduma wake afunge laini na kuirudisha kwenye kadi mpya, kwa kuwa siku hizi anayeiba simu huwinda akaunti ya M-Pesa pamoja na simu yenyewe.

Usianze mazungumzo haya katika kikundi cha WhatsApp. Humo kila neno lako litasomwa na watu watatu kwa sauti tatu, na mmoja wao ataweka picha ya kucheka. Mwendee kwanza mwalimu. Ndiye aliyekubali kupanda gari lako siku ambayo ilikuwa rahisi zaidi kwake kupanda matatu na wenzake, na ndiye atakayekupa habari za kweli kuhusu yale yaliyosemwa baada ya wewe kuondoka. Mwambie maneno yanayofanana na haya: "Niliondoka bila kuwaaga na nikazima simu, mkanitafuta usiku mkiwa hamjui kama niko hai. Hilo ni kosa langu, naomba radhi. Kuondoka kwenyewe siombi radhi, kwa sababu nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nisingewafikisha Nakuru salama, na mlipouficha ufunguo mliniumiza." Usiongeze hesabu ya mafuta, wala ya matairi, wala ya safari za nyuma. Najua unayo hesabu hiyo. Jina ulilojiita mwishoni mwa barua limeniambia. Ina wakati wake, ila wakati huo si huu, kwa maana mtu anayeomba radhi huku akitoa risiti haombi radhi.

Wakikujibu kwamba umeanza kuwa mwoga wa barabara, wakumbushe kwamba wanaipenda benga. Kila mpenzi wa benga anajua kwamba D. O. Misiani, aliyeiongoza Shirati Jazz kwa miongo kadhaa na ambaye hadi leo huitwa mfalme wa muziki huo, alifariki mwaka 2006 katika ajali ya barabarani huko huko Kisumu. Hawatahitaji hotuba zaidi ya hapo.

Kwa mkeo nina neno moja tu. Anaona kilicho cha kweli, kwamba wenzako wamezoea gari lako, lakini yeye hakuwapo alasiri ile kule Dunga. Msimulie na hiyo pia, maana inaonekana amesikia habari za usiku peke yake. Usimgeuze kuwa hakimu wa watu ambao yeye huwasikia siku wanapokuudhi tu.

Na mkitaka kutoka tena, badilisheni namna. Gari lisifike tamashani. Liegesheni kwenye nyumba mtakayolala tangu jioni, mwende kwa teksi au boda boda, na kila mmoja abebe fedha zake za kurudia, ili anayetaka kulala saa sita alale na anayengoja pakruok angoje mpaka jogoo awike. Kurudi kuwe Jumapili alasiri au Jumatatu, si saa nne asubuhi ya usiku ambao watu hawajalala. Au, kama kazi haziruhusu, mpande matatu za Nakuru hadi Kisumu, gari lako libaki nyumbani, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2021 nawe uwe abiria. Au chagueni ngoma ya mchana. Isukuti mliyoicheza Kakamega, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, iliwapa furaha yote na ikawarudisha salama, na sioni sababu nyingine kubwa iliyoifanya safari ile ifaulu na hii ishindwe zaidi ya kwamba ngoma zile ziliisha kabla ya giza.

Sitaki uache kuwaendesha kabisa, maana nadhani unapenda kuwa mtu anayewafikisha wenzake. Ila kazi hiyo itamkwe. Siku ya kupanga safari, aseme mtu mmoja kati yao, si wewe: "Dereva ni fulani, atalala saa fulani, na akisema twende, tunakwenda." Maneno hayo yakitoka kinywani mwa karani yatakuwa na nguvu zaidi, na mwalimu ndiye atakayejua jinsi ya kumfanya ayaseme.

Umeuliza pia kuhusu mchango wa mwezi huu. Utume kwa tarehe ile ile unayoutuma siku zote, shilingi 2,000, bila kuandika maelezo yoyote, hata kama karani hajatuma wake.